Herufi Zisizo na Tundu

Usiniulize ni mji gani wala ulikuwa mwaka gani. Ningejua ningesema, mimi si mtu wa kuficha mambo. Ninachojua ni kwamba katika mji huo jua lilichomoza upande wowote lilipojisikia, saa ya mnarani ilikuwa na mishale mitatu na hakuna aliyejua ule wa tatu unahesabu nini, na Kidawa, mchongaji wa herufi, aliketi kwenye kigoda chake kuanza kazi akiwa na miaka thelathini, akainuka alasiri ya siku hiyohiyo akiwa na arobaini na mitano. Watu walikuwa wamezoea kuibiwa miaka namna hiyo. Walimpa pole, wakaenda zao.

Kazi yake ilikuwa ya kurithi. Baba yake alichonga herufi za mbao, na babu yake pia, na wote walikuwa na namna yao ya kufanya kazi ambayo mafundi wengine waliicheka. Fundi mwingine akitaka kuchonga herufi huanza na umbo: anachora nje, anakata, kisha ndani anatoboa atakavyo. Ukoo wa Kidawa ulianza na tundu. Ukichukua A, unatoboa kwanza kile kijitundu cha katikati, unakipuliza vumbi, unadondosha punje ya mchele. Ikipita bila kusukumwa, ndipo unaanza kuijenga herufi kulizunguka tundu lake. Baba yake alikuwa akisema kwamba herufi yenyewe ni ukuta tu, na kwamba jicho la msomaji linakaa mle ndani, kwenye nafasi iliyoachwa. Tena kulikuwa na mwiko mmoja ambao Kidawa, mtu asiyeogopa mengi, hakuthubutu kuuvunja: jina la mtu aliye hai halipangwi karakanani kabla kazi haijakabidhiwa. Kulipanga jina la mtu juu ya meza ya fundi, walisema, ni kumlaza mtu huyo juu ya meza. Shika hilo la mwiko, msomaji wangu, maana ndilo lililommaliza.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, Faki, na zaidi ya huyo hakuwa na mtu. Faki naye aliandika, lakini kwa mkaa, kwenye kuta, kwa mwandiko mdogo kabisa. Aliandika swali moja tu, siku zote lilelile: Nani aliwaambia? Baraza la mji halikujali swali. Lilikwisha kuulizwa makali zaidi na halikupepesa jicho. Kilicholikera ni ule udogo. Maandishi makubwa humsimamisha mtu mbali. Unayaona, unayatii, unapita. Maandishi madogo yanakuita usogee, na aliye nyuma yako anasogea, na aliye nyuma yake naye, mpaka mnajikuta mabega yanagusana na mmoja anamsomea mwenzake asiyejua kusoma. Siku waliyomchukua Faki walikuwapo watu kumi na saba wamebanana mbele ya maneno mawili. Wote kumi na saba walichukuliwa, yeye akiwa mmoja wao.

Katika hao kumi na saba alikuwamo Haji, mtoto pekee wa Bi Masika, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akiuza vitumbua kona ya soko la kuni. Kosa la Haji ni kwamba alikuwa mbele kabisa na alikuwa akisoma kwa sauti. Tangu siku ile Bi Masika aliacha vitumbua vyake, akawa anakuja karakanani kwa Kidawa, anakaa kizingitini, anaulizia habari ambazo Kidawa hakuwa nazo. Hawakujuana kabla. Msiba uliwafanya mtu na mwenzake, na wakati mwingine walikaa kutwa nzima bila kusemezana neno.

Basi asubuhi moja akaja Mpimaji wa Baraza, rula ndefu ya chuma kwapani. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu zake. Aliamkia, akaulizia afya, akasifu harufu ya mbao ya mninga. Kisha akaeleza kilichomleta. Baraza linataka herufi zake lenyewe, mji mzima uandikwe kwa hizo na si kwa nyingine. Ziwe nene, zionekane kutoka mlimani. Zijengwe kwa vitu vitatu ambavyo hakuna mtu anayeweza kubishana navyo: duara, mraba na pembetatu. Zisiwe na mkia, zisiwe na mapozi, zisionyeshe kwamba kuna mkono wa binadamu uliopita pale. Fremu za chuma za kuziwekea zimeshapigiliwa kwenye kuta zote, zote za kipimo kimoja, kwa hiyo herufi hazitaruhusiwa kuzidi fremu hata kidogo. Kidawa alisikiliza huku akitafuta njia ya kukataa. Alikuwa amekwisha kuipata, nayo ilikuwa mgongo, maana mgongo wa fundi huuma wakati wowote fundi akitaka.

"Orodha ya kwanza kuandikwa kwa herufi zako, fundi, ni ya watu wanaorudi," Mpimaji akasema. "Jina la mdogo wako limo."

"Limo kweli?"

"Limo. Linasubiri herufi."

Kidawa hakusema tena habari ya mgongo. Alichukua bikari, rula na kipande cha mbao, akaanza kazi kabla Mpimaji hajavuka kizingiti. Bi Masika, aliyesikia kila kitu, alimshika goti, akamwambia kwamba macho yake yamechoka na shule hakwenda, siku orodha itakapowekwa ukutani amsomee Haji wake yuko wapi. Kidawa akaahidi. Ahadi ilikuwa nyepesi, maana ni nani angeweza kuzisoma herufi hizo kuliko yeye?

Nisiwe mnafiki: zilikuwa nzuri. Hata mimi ninayesimulia kwa uchungu siwezi kukuambia vingine. O ilikuwa duara kamili na duara dogo ndani yake. H ilikuwa mraba uliochanjwa mara mbili, juu na chini. A ilikuwa pembetatu iliyokaa imara kwa makalio yake, na tundu lake dogo katikati, la kupitisha punje ya mchele. Kidawa alizipanga kwenye trei yake ya visanduku ishirini na vinne, kila herufi na kisanduku chake, akarudi nyuma hatua tatu na kuzitazama, na furaha ikampata. Aliona aibu kufurahi wakati mdogo wake yumo ndani. Alifurahi tu. Alijiambia hivi ndivyo mtu anavyopaswa kuandikwa, akiwa mzima, hana pembe iliyovunjika, hawezi kufutwa kwa kiganja. Alidhani ukubwa wa herufi utamlinda Faki. Ndivyo tulivyo sisi watu, tukiona kitu kikubwa tunafikiri kiko upande wetu.

Kwa kufuata herufi hizo za mbao zikamiminwa za chuma cheusi, zikatundikwa. Mwanzoni watu walishangilia, na kusema kweli mji ulipendeza. Muuza mikate alishusha kibao chake cha zamani chenye picha ya mkate iliyochorwa kwa mkono, akapandisha neno MKATE, jeusi, refu kumzidi yeye mwenyewe. Kinyozi akafuata. Kadi za harusi zikawa kubwa mpaka zinabebwa na watu wawili. Lakini herufi zile hazikuwa na ndogo zake. Hukuweza kuandika kwa upole hata ungetaka. Nyumba moja walifiwa, majirani wakaleta neno POLE wakalitundika mlangoni, na wafiwa walipotoka asubuhi wakaliona, walirudi ndani kwa hofu wakidhani wameamriwa jambo. Mpenzi alimwandikia mpenzi wake neno moja, nalo likaziba dirisha. Tarakimu za saa ya mnarani zikabadilishwa nazo, na tangu hapo mtu akikuuliza saa ngapi unamwambia ni saa ya duara, au unamwambia bado. Watu wakaanza kusema kwa ufupi kwa sababu walisoma kwa ufupi. Waliotaka kusema jambo refu walikaa nalo tumboni likawaumiza.

Mpimaji akarudi. Safari hii alikuwa kijana wa miaka ishirini, lakini sauti ileile, rula ileile, na adabu zilezile. Kidawa hakuuliza. Mpimaji akasema Baraza limeridhika sana, ila herufi zinaonekana kutoka mlimani tu, na Baraza lingependa zionekane kutoka ng'ambo ya mlima. Zinenepe kidogo. Kidawa akamweleza kwamba fremu zimekwisha kupigiliwa, nje hakuna pa kunenepea. Mpimaji akasema basi zinenepe kwa ndani. Kidawa akafikiri, akaona jina la Faki linasubiri, akanenepesha. Alipodondosha punje ya mchele, ilikaa juu ya tundu haikupita. Akatafuta punje ya ufuta. Ufuta ukapita, akasema afadhali.

Mara ya tatu Mpimaji alikuja mzee, rula ikigonga mlango kabla yake. Aliomba unene wa unywele mmoja tu. Kidawa akampa unywele huo. Ufuta haukupita, akajaribu ncha ya sindano, ikaingia. Na kila aliponenepesha herufi, yeye mwenyewe alihisi kifua kinamjaa, hewa inaingia nusu na kutoka nusu. Bi Masika kizingitini akamwuliza kwa nini anahema hivyo, naye akajibu ni vumbi la mbao.

Hapa utaniuliza, hakuona? Fundi mzima, mjukuu wa mafundi, hakuona kwamba herufi zinafungana? Nami nitakujibu kwamba hakuona, na kosa lake ni la watu wa kazi yake tu. Wewe na mimi tunaijua M kwa sura yake. Mchongaji anaijua M kwa kisanduku chake. Mkono wake unakwenda pale, safu ya pili, cha sita kutoka kushoto, unaitoa M, unainenepesha, unairudisha palepale, na muda wote ni M kwa sababu imetoka pa M. Ungempa jiwe kutoka kisanduku kile angekuambia ni M. Na kitu ambacho kingeweza kumfumbua macho ni neno, neno lililopangwa likatazamwa kwa mbali. Lakini neno pekee alilokuwa nalo moyoni lilikuwa jina la Faki, na Faki alikuwa hai, na mwiko ni mwiko. Kwa hiyo hakupanga neno. Alichonga herufi moja moja, akainama juu ya kila moja, hakutoka karakanani, na tangu zianze kunenepa hakuna hata siku moja aliyozitazama zikiwa zimepangwa kuwa neno.

Mara ya nne Mpimaji hakuwa na umri. Uso wake ulikuwa wa namna ambayo huwezi kuukumbuka hata ukiwa unautazama. Hakuamkia. Alisema matundu yale yanakusanya vumbi, na watu wameanza kusogea karibu kuyachungulia, wanapanga mstari kuchungulia matundu, na Baraza halipendi watu wasogee karibu. Yajazwe. Alisema orodha imekwisha kuandikwa na makarani, imebaki kupangwa, na trei itachukuliwa alasiri.

Kidawa alipobaki peke yake na trei, alisema na nafsi yake, na maneno yake nimeyapata kama yalivyo, vipande vipande:

Ni tundu tu. Nani amewahi kulala njaa kwa sababu ya tundu.

Baba, usinitazame hivyo. Wewe hawakukuchukulia ndugu.

Nikiwaambia hapana, watampa mwingine patasi. Atachonga vibaya. Jina la Faki litakaa upande. Afadhali mimi.

Afadhali mimi. Kila mtu katika mji huu anasema afadhali yeye. Mlinzi wa mlango anasema afadhali mimi, ninafunga polepole.

Kitu kikijaa kabisa kinakuwa nini? Neno likijaa kabisa linasema nini? Nyamaza, Kidawa. Jaza.

Kama jina haliandikwi, mtu yupo? Na kama limeandikwa na hakuna wa kuliita? Mimi nitaliita. Nitasimama mbele ya ukuta nitaliita.

Jaza, mama. Jaza.

Akajaza. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akapaka kwa kidole, akasubiri pakauke, akapiga msasa. A ikawa pembetatu. O ikawa duara, na zile zote za mviringo zikawa duara. Nyingine zote, H na F na K na J na M na zilizobaki, mikato yao ikazibwa zikawa mraba. Kila moja ilirudi kwenye kisanduku chake, na kila moja, kwake yeye, bado ilikuwa na jina. Watu wa Baraza wakaja wakabeba trei kwa uangalifu, wakihakikisha hakuna herufi inayohama kisanduku. Makarani nao ni watu wa visanduku. Walipanga orodha bila kukosea hata mahali pamoja, na hilo ndilo linaloniumiza mimi zaidi ya yote.

Ikafika siku ya ukuta. Jua lilisimama katikati, halikuonyesha dalili ya kwenda popote. Wanawake arobaini walikuwa wamefika, mama, dada na wake, na wanaume wachache waliojificha nyuma ya wanawake hao. Nyuma ya ukuta ilikuwa milango kumi na saba, na kila mlango, Mpimaji akaeleza, umebandikwa mstari uleule uliopo kwenye orodha. Mwenye mtu wake atasogea, ataweka kiganja juu ya mstari, atausoma kwa sauti, na mlango wenye mstari huo utafunguliwa. Fundi atawasaidia wasiojua kusoma. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba orodha isiyosomeka haina watu ndani yake. Ikithibitika haisomeki, itashushwa na milango itafungwa kwa matofali. Kisha wakavuta kitambaa.

Kidawa aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akaziona herufi zake zilizojazwa zikiwa zimepangwa kuwa maneno.

Miraba. Pembetatu. Duara. Mistari kumi na saba ya miraba na pembetatu na duara, myeusi, minene, iliyonyooka. Hakuna hata herufi moja iliyokuwa na mahali pa kuingilia. Alitafuta jicho lake likae wapi, likateleza juu ya chuma likarudi. Umati ulikuwa kimya, na Kidawa akaelewa kwa nini: kila mmoja alidhani ni yeye peke yake asiyeweza kusoma. Kila mmoja aliona aibu. Wote wakamtazama yeye. Angesema ukweli na milango ingefungwa kwa matofali, na Faki ndani yake.

Bi Masika, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote, alisukumwa mbele. Alikuja na khanga mpya, amejitia uturi, akamshika Kidawa mkono.

"Nionyeshe mwanangu, Kidawa."

Kidawa alianza kuhesabu. Haji, herufi nne. H mraba, A pembetatu, J mraba, I mraba. Aliutafuta mstari wa mraba, pembetatu, mraba, mraba, akauona, na matumaini yakamrukia. Inawezekana! Anaweza kuhesabu, kila mtu atatoka! Kisha akaona mstari mwingine uleule chini yake. Kisha wa tatu. Ndipo alipolipanga kichwani lile jina ambalo hakuwahi kulipanga mezani, F, A, K, I, mraba, pembetatu, mraba, mraba. Mmoja wa mistari ile mitatu ulikuwa Haji. Mmoja ulikuwa Faki. Wa tatu ulikuwa mtu ambaye hata hakumjua. Yeye aliyezizaa herufi zile hakuweza kusema yupi ni nani.

Alitazama nyuma. Wanawake thelathini na tisa walikuwa wanangoja zamu zao. Mpimaji alikuwa akijigonga paja na rula taratibu. Akaona asipoonyesha sasa, wataelewa. Akainua kidole, akaonyesha mstari wa katikati.

Bi Masika akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa cha moto kwa jua, hakukiondoa.

"Haji," akasema.

Nyuma ya ukuta mlango ukalia. Mtu akatoka akiziba macho kwa mkono, amekonda, ndevu zimemjaa. Mlinzi akamwuliza yeye ni nani. Baadaye walioyajua mambo ya ndani walieleza kwamba mle waliketi siku zote mbele ya ubao wa mlango wao bila kuweza kuusoma, na waliambiwa kila mmoja atakuwa yule ambaye jina lake litasomwa kwenye ubao wake. Walisubiri kuambiwa wao ni nani. Akashusha mkono, akatazama umati, macho yake yakapita kwenye nyuso moja moja mpaka yakafika kwa Kidawa, yakakaa.

Alikuwa Faki. Alimtambua dada yake. Hilo Kidawa aliliona, hakuna wa kumdanganya.

"Nimesikia naitwa Haji," akasema. "Basi mimi ni Haji."

Kidawa alifunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakalia. Moyo wake ulikuwa unapiga kelele za furaha na za hofu kwa wakati mmoja. Mdogo wake yuko nje! Yuko nje, yuko hai, amesimama juani. Hesabu ikamjia haraka haraka: zamu yake ikifika ataweka kiganja juu ya mmoja wa mistari miwili iliyobaki, atasoma Faki, huenda akatoka Haji, watabadilishana kimyakimya njiani na hakuna atakayejua. Na kama hakutoka Haji, mama mwingine atajaribu. Watu wote watatoka mmoja mmoja, wavurugike tu, kisha watafutane majumbani. Kwa muda wa pumzi tatu aliamini kwamba mji ule unaweza kudanganywa.

Mpimaji alikuwa akitazama orodha. Akaweka rula yake juu ya mstari wa katikati, akaishusha juu ya ule wa chini, akaipandisha juu ya ule wa juu. Vipimo vilikuwa sawasawa.

Akasema makarani wamemwandika Haji mara tatu. Hakukasirika. Akasema mtu mmoja hawezi kurudi nyumbani mara tatu, na Haji ameshatoka, wote wamemwona. Akaashiria. Mtu mwenye kopo la rangi akaja na brashi pana, akaufuta mstari wa juu, akaufuta wa chini, na nyuma ya ukuta ikasikika sauti ya mwiko wa mwashi ukikwangua udongo.

Bi Masika alikuwa amekwisha kumfikia yule mtu aliyetoka. Alikuwa amempapasa mashavu, mabega, akaishika mikono yake akaigeuza na kuitazama viganja. Hakulia. Alisikia ule mwiko wa mwashi kwa masikio yake mwenyewe, akageuza shingo kuangalia mistari iliyofutwa, halafu akamgeukia Kidawa. Mama yule hakuwahi kwenda shule, lakini uso wa Kidawa aliusoma wote, kuanzia juu mpaka chini.

Kidawa alisogea karibu naye, mabega yao yakagusana.

"Bi Masika," alinong'ona, "nisamehe, mama yangu. Huyu ni Faki wangu."

"Umenisomea Haji."

"Najua."

"Basi sema. Sema kwa sauti, wote wasikie, kwamba hukujua unasoma nini. Wakimrudisha wako ndani, huenda wakamfukua wangu, na wasipomfukua basi tufanane."

Mpimaji akauliza kutoka pale aliposimama kama kuna tatizo. Akauliza huyu ni nani. Alimwuliza fundi, kwa adabu, maana fundi ndiye mwenye herufi. Wanawake thelathini na tisa waliacha kupumua. Faki naye alikuwa akimtazama dada yake, hakuomba kitu, wala hakutikisa kichwa. Alisubiri tu kusikia.

Kidawa akafumbua mdomo. Hewa haikuingia.

"Ni Haji," akasema. "Nimesoma sawa. Ni Haji, mtoto wa Bi Masika."

Mpimaji akashukuru. Bi Masika akatoa khanga yake ya juu akamfunika nayo yule mtu mabegani, akamfunga fundo kifuani, akalikaza kwa nguvu. Akamwambia twende, Haji, maji ya kuoga yapo. Na Faki akaitika. Akamwita mama, akamshika mkono asijikwae, wakapita katikati ya watu ambao waliwapisha kwa heshima, wakashuka upande wa soko la kuni. Hakugeuka nyuma. Kidawa aliwatazama mpaka khanga ile ikapotelea nyuma ya neno moja jeusi, refu kama nyumba, ambalo hakuweza tena kukumbuka lilikuwa linasema nini.

Alihisi anaguswa kiwiko. Mwanamke wa pili katika mstari alikuwa amefika, kijana bado, ana mimba kubwa, anatabasamu kwa yale aliyoyaona.

"Nisomee na mimi wangu, dada," akasema.

Kidawa akaugeukia ukuta, akainua kidole.